Ganzi ya Vidole Usiku na Neva Inayobanwa Kifundoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanaoishi kwa mikono yao: fundi cherehani, msusi, muuza chapati, mwashi, dereva wa bodaboda, karani, na mama anayefua kwa mikono kila wiki. Ugonjwa tunaouzungumzia unatibika vizuri ukiwahiwa. Kinachowaponza watu ni miaka wanayokaa nao wakiambiwa ni uchovu, ni gesi au ni umri.

Naamka usiku vidole vimekufa ganzi na vinawaka moto. Nina nini?

Ukiukung'uta mkono au kuuning'iniza nje ya kitanda na ganzi ikapungua, uwezekano mkubwa ni kwamba neva, yaani mshipa wa fahamu, inabanwa kwenye kifundo cha mkono. Madaktari wengi huandika CTS kwenye faili, kifupi cha jina lake la Kiingereza, carpal tunnel syndrome, kwa hiyo ukiziona herufi hizo ujue ndio ugonjwa huu.

Upande wa ndani wa mkono, pale kifundo kinapoingia kwenye kiganja, kuna njia nyembamba. Chini na pembeni yake ni mifupa midogo ya kifundo, na juu yake kuna ukanda mgumu uitwao ligamenti. Humo ndani hupita kano 9 zinazokunja vidole, pamoja na neva moja, neva ya kati. Njia hiyo haitanuki. Kano zikivimba kidogo, au mwili ukijaa maji, shinikizo hupanda, na kinachoumia kwanza ni neva, kwa kuwa ndiyo laini kuliko vyote vilivyomo.

Usiku hali huzidi kwa sababu wengi wetu hulala tumekunja vifundo au tumeulalia mkono, na kifundo kikikunjwa shinikizo humo ndani huongezeka.

Ni vidole vyote vinavyokufa ganzi?

Hapana. Neva hii huhudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete iliyo upande wa gumba. Kidole cha mwisho kina neva nyingine ambayo haipiti kwenye njia hiyo. Wagonjwa wengi husema "mkono wote", na si kosa lao, maana mtu aliyeshtuka usingizini hana muda wa kuchunguza. Safari ijayo ukiamka, gusa kidole kimoja kimoja, uangalie kipi kina ganzi na kipi kiko sawa. Taarifa hiyo ndogo itamsaidia daktari sana.

Maumivu yanaweza kupanda hadi kwenye kiwiko au hata begani. Hilo lisikushangaze, wala lisikufanye uanze kutibiwa bega.

Nimeambiwa damu haitembei vizuri. Wengine wanasema ni dalili za kiharusi. Nitofautishe vipi?

Kiharusi huja ghafla. Mdomo unapinda, maneno hayatoki sawasawa, mkono au mguu wa upande mmoja unalegea kwa mara moja. Ukiona hivyo usisubiri asubuhi, kimbilia hospitali. Ganzi ya neva ya kifundo huja na kuondoka, huanza taratibu kwa wiki au miezi, na mara nyingi hugusa mikono yote miwili, ingawa mmoja huwa na hali mbaya zaidi.

Kuna mengine yanayofanana nayo. Ganzi iliyoanzia nyayoni na kupanda miguuni kabla ya kufika mikononi huelekeza zaidi kwenye kisukari, upungufu wa vitamini B12, pombe, au dawa. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za TB, inaweza kudhuru neva, ndiyo maana wagonjwa wengi wa TB hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Kama uko kwenye dozi ya TB na umeanza kupata ganzi, mwambie mhudumu wako, lakini usiache dawa. Maumivu yanayoanzia shingoni na kushuka mkononi kila unapogeuza kichwa huweza kuwa ya neva iliyobanwa shingoni. Ganzi ya kidole cha mwisho mara nyingi hutoka kwenye kiwiko.

Na ukoma bado upo kwetu. Ukiwa na baka la ngozi lililofifia rangi ambalo halisikii mguso, pamoja na ganzi au udhaifu wa mkono, nenda kituo cha afya. Dawa zake ni za bure na zinaponya. Hakuna sababu ya kumwonea mtu aibu wala kuficha.

Ni kazi yangu iliyonisababishia?

Pengine kwa sehemu. Kazi zenye hatari zaidi ni zile zinazochanganya nguvu, kurudiarudia na kifundo kilichopinda, au mtetemo wa mashine kama grenda na drili. Mtazame msusi anayesuka rasta nyembamba. Mteja amekaa chini, yeye yuko juu ya kiti, vifundo vyake vimekunjwa kwa ndani saa nzima baada ya saa nzima, huku gumba na shahada zikibana na kuvuta nywele bila kupumzika. Au anayekanda unga wa chapati tangu alfajiri: uzito wote wa mwili unashukia kwenye kitako cha kiganja, palepale neva inapopita. Anayekuna nazi nyingi kwenye mbuzi hali kadhalika.

Lakini kazi si yote. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume, hasa kati ya miaka 40 na 60. Kisukari, tezi ya thairoidi inayofanya kazi chini ya kiwango, baridi yabisi ya viungo, unene, ujauzito, kuwahi kuvunjika kifundo, kusafishwa damu kwa miaka mingi kwa sababu ya figo, na maumbile ya kurithi, vyote huongeza uwezekano. Kwa hiyo mtu asiyefanya kazi yoyote nzito naye anaweza kuugua, na haina maana kwamba anajifanya.

Simu na kompyuta je?

Ushahidi dhidi ya kompyuta ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani, na dhidi ya kazi za nguvu na mtetemo una uzito zaidi. Hata hivyo, kushika simu kifundo kikiwa kimekunjwa ukiwa umelala chali kutaamsha dalili kwa mtu ambaye tayari neva yake imebanwa.

Nina ujauzito na mikono imekufa ganzi. Mtoto yuko salama?

Ganzi hii haimdhuru mtoto. Hutokea zaidi miezi mitatu ya mwisho kwa sababu mwili umebeba maji mengi, na kwa wengi huisha yenyewe wiki au miezi kadhaa baada ya kujifungua. Banzi la usiku, ambalo nimelieleza hapo chini, kwa kawaida hutosha. Dawa za maumivu usimeze bila kumuuliza mhudumu wa kliniki.

Ila mikono na uso vikivimba ghafla, kichwa kikiuma sana, ukaona vimulimuli au maumivu yakashika chini ya mbavu upande wa kulia, hiyo ni habari nyingine kabisa. Inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachokaribia. Nenda ukapimwe presha na mkojo siku hiyohiyo.

Naweza kujipima nyumbani?

Unaweza kupata dokezo. Gusanisha migongo ya viganja vyako mbele ya kifua, vidole vikitazama chini, vifundo vimekunjwa, ukae hivyo kwa sekunde 60. Ganzi ikija kwenye vidole nilivyovitaja, ni dalili nzito. Kipimo hiki kinaitwa kwa jina la George Phalen, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyekieleza miaka ya 1950. Kingine ni kugonga taratibu kwa ncha ya kidole juu ya kifundo upande wa ndani. Ukisikia kama umeme unaruka hadi vidoleni, nayo ni dalili. Hiki kilitokana na kazi ya Jules Tinel, Mfaransa aliyetibu askari waliojeruhiwa neva, mwaka 1915.

Kisha weka mikono yote miwili juu ya meza, viganja juu, kwenye mwanga wa kutosha. Tazama mnofu ulio chini ya gumba. Ukiwa bapa au umebonyea ukilinganisha na mkono wa pili, usitumie ukurasa huu kujitibu. Neva imekwisha kuumia kiasi cha misuli kuanza kusinyaa, na unahitaji daktari wa upasuaji wa mifupa au wa mikono haraka.

Vipimo hivi vinakosea pia. Mtu anaweza kuwa na ugonjwa na visionyeshe chochote.

Hospitali watafanya nini?

Daktari mzuri atakusikiliza kwanza, kwa kuwa ugonjwa huu unajulikana zaidi kwa simulizi kuliko kwa mashine. Ataangalia hisia za vidole na nguvu ya gumba. Mwombe sukari ipimwe, na kama una uchovu, unaongezeka uzito na unasikia baridi kuliko wenzako, thairoidi pia. Eksirei inafaa kama uliwahi kuumia. Neva haionekani humo.

Kipo kipimo cha umeme wa neva kinachoonyesha kasi ya ujumbe unapopita kwenye kifundo. Kina faida kubwa pale utambuzi unapokuwa na shaka au kabla ya upasuaji, lakini hupatikana kwenye hospitali chache. Ultrasaundi nayo inaweza kuonyesha neva iliyovimba. Kama dalili zako ziko wazi, matibabu ya mwanzo hayahitaji kusubiri vipimo hivyo.

Banzi ni nini, na nilivae vipi?

Hapa ndipo ningependa kila mtu aanzie. Banzi ni kifaa kinachokizuia kifundo kisikunjwe unapolala. Ni la bei nafuu kuliko tiba nyingine zote na halina madhara ya kutisha. Wengi wanaolikataa walipewa lisilofaa au walilivaa vibaya.

Kifundo kikae kimenyooka, si kukunjwa mbele wala kurudishwa nyuma. Mabanzi mengi yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa tiba yana kibamba cha chuma ndani kilichopindishwa kukirudisha kifundo nyuma. Fungua mfuko wake, kichomoe hicho kibamba, kinyooshe kwa mikono, kisha ukirudishe. Vaa, uangalie kwa pembeni: mgongo wa kiganja na mkono wa chini vifuate mstari mmoja. Vidole viwe huru kuanzia kwenye maungio yake ya kwanza, na gumba liweze kugusa ncha ya kidole kidogo. Mikanda isikaze, kidole kimoja kipite chini yake bila shida.

Livae kila usiku, si usiku wa maumivu tu, kwa wiki 6 angalau. Wengine hupata usingizi ndani ya siku chache, wengine huchukua wiki kadhaa. Mchana lisiwe la kudumu, kwa kuwa ukilivaa ukiwa unafanya kazi ya nguvu utashindana nalo na kuumiza mkono zaidi.

Kama huna uwezo wa kulinunua leo, ulizia idara ya fiziotherapia ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, nyingine hutengeneza. Kwa siku za kusubiri, rula ya mbao iliyofungwa khanga laini na kuwekwa upande wa mgongo wa mkono, kutoka katikati ya mkono wa chini hadi mgongo wa kiganja, ikizungushiwa bendeji bila kukaza, inasaidia kiasi. Bendeji ya kuvuta peke yake haizuii kukunja, na ikikazwa inaongeza kubana.

Dukani nilipewa diclofenac na vitamini B. Vitaniponya?

Diclofenac na ndugu zake hupunguza maumivu kwa muda, lakini havijaonyesha kuponya neva iliyobanwa. Ukizitumia kwa wiki nyingi, tumbo, figo na presha vinaweza kukulipisha. Vitamini B husaidia mwenye upungufu. Kwa asiye na upungufu hakuna ushahidi mzuri kwamba zinaondoa ugonjwa huu, na B6 kwa dozi kubwa kwa miezi mingi huharibu neva yenyewe. Inaniuma kuona mtu wa kipato kidogo akinunua vidonge hivyo mwezi baada ya mwezi, wakati pesa hiyohiyo ingempatia banzi.

Kuchua, mafuta, bangili ya shaba, kuchanjwa?

Kuchua taratibu mkono na bega kunaweza kuleta faraja. Kukandamiza kwa nguvu juu ya kifundo, hapana. Bangili haina kazi. Kuchanja chale au kupaka dawa kali kwenye mkono wenye ganzi ni hatari, kwa sababu hutasikia unapoungua au kuingiwa na uchafu.

Mazoezi yanasaidia?

Kwa kiasi, yakiambatana na banzi. Mtaalamu wa fiziotherapia atakuonyesha namna ya kutelezesha kano na neva: kufungua vidole, kuvikunja nusu, kisha kufumba ngumi laini, taratibu. Zoezi likileta ganzi, umezidisha. Kuminya mpira kwa nguvu, ambako wengi hujianzishia wenyewe wakidhani mkono umelegea, huongeza shinikizo. Uache.

Sindano ya steroidi inafaa?

Steroidi ni dawa ya kupunguza uvimbe. Kwa wengi sindano yake inaleta nafuu ya haraka, ndani ya siku hadi wiki chache, na nafuu hiyo hudumu wiki au miezi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 kwenye jarida la Lancet ulilinganisha sindano moja na banzi la usiku. Baada ya wiki 6 waliochomwa sindano walikuwa na hali nzuri zaidi, lakini kufikia miezi 6 tofauti haikuwepo tena. Kwa hiyo ni chaguo zuri kwa asiyelala kabisa, kwa mjamzito mwenye hali mbaya baada ya kushauriana na daktari, au kwa anayesubiri upasuaji.

Achome aliyezoea kuchoma sehemu hiyo. Sindano ikiingia na ukasikia umeme mkali ukishuka vidoleni, sema papo hapo ili aitoe. Maumivu yanaweza kuongezeka kwa siku moja au mbili. Ngozi ya palipochomwa inaweza kufifia rangi, jambo linaloonekana wazi kwenye ngozi nyeusi. Mwenye kisukari atarajie sukari kupanda kwa siku kadhaa na aipime mara nyingi zaidi.

Upasuaji ni lazima? Nasikia mkono unapooza.

Si lazima kwa kila mtu. Unashauriwa pale ganzi inapokuwa ya kudumu mchana na usiku, gumba linapopoteza nguvu, mnofu unaposinyaa, au pale banzi na sindano vinaposhindwa. Katika hali hizo kuahirisha ndiko kunakoleta ulemavu. Neva iliyobanwa miaka mingi haijirudii yote hata ikifunguliwa, na mnofu uliokwisha huenda usirudi kama zamani.

Daktari hukata ule ukanda mgumu ulio juu ya njia ili neva ipate nafasi. Hufanyika kwa sindano ya ganzi ya mkono tu, ukiwa macho, na mara nyingi huchukua chini ya nusu saa, kisha unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Wapo wanaofungua kwa mpasuko mdogo kiganjani, na wapo wanaotumia kamera kupitia tundu dogo. Wa kamera hurudi kazini mapema kidogo, lakini baada ya miezi matokeo yanafanana. Usilipe zaidi kwa kuamini vinginevyo.

Hatari zipo: maambukizi, kovu linalouma, na mara chache sana neva kuumia. Kwa Tanzania, madaktari wa upasuaji wa mifupa wako Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) Dar es Salaam, KCMC Moshi, Bugando Mwanza na hospitali nyingine za rufaa. Anzia hospitali ya wilaya upate rufaa, na uulize mapema bima yako inalipa nini.

Baada ya upasuaji nitarudi lini kazini?

Sogeza vidole siku ileile, na mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo siku za mwanzo. Nyuzi hutolewa kati ya siku 10 na 14. Maumivu ya usiku mara nyingi huisha upesi, ganzi huchelewa, na nguvu ya kushika huchukua miezi mitatu hivi kurudi. Kitako cha kiganja kitauma ukikiegemea; hilo ni la kawaida na hupungua. Kazi nyepesi wengi huweza baada ya wiki moja au mbili. Kukanda unga, kubeba zege au kukamua mashuka, hesabu wiki 6 hadi 12.

Ikiwa mikono yote inahitaji upasuaji, omba ufanywe mmoja kwanza. Zungumzeni nyumbani ni upi, mkiwa wawazi kuhusu kula, kujisafisha chooni na nani atakayekusaidia. Watu huona haya kuuliza, kisha wanateseka wiki mbili.

Siwezi kuacha kazi. Nifanyeje?

Hakuna anayekutaka uache. Badilisha namna. Msusi, mpandishe mteja kwenye kiti ili mikono yako ifike kichwani bila kukunja vifundo, na kati ya kichwa na kichwa usikubali mwingine mara moja. Fundi cherehani, noa mkasi, kwa kuwa mkasi butu ndio unaokula gumba, na kata kitambaa kizito kwa tabaka chache. Mkanda unga, tumia ngumi na mkono mzima kuliko kitako cha kiganja, na unga uache ukae ulainike kabla ya kuusukuma. Dereva wa bodaboda, shusha kifundo kiwe sawa na mkono unapokamata mafuta, na uongeze sponji kwenye kishikio. Kwa grenda na drili, pokezaneni. Mashuka yakamueni wawili.

Mpishi mwenye ganzi ajihadhari na moto. Jaribu sufuria kwa mkono unaosikia, kwa sababu wengi hugundua wameungua wanapoona lengelenge.

Ukiwa umeajiriwa, mweleze mwajiri kwa maandishi na utunze nakala za hospitali. Tanzania kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaohusika na magonjwa yanayothibitika kutokana na kazi. Kenya kuna sheria ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007.

Lini ni dharura?

Ukianguka au kuvunjika kifundo, kisha ganzi na maumivu yakaongezeka saa baada ya saa, hasa ndani ya plasta, rudi hospitali usiku uleule. Neva inaweza kupotea ndani ya saa chache.

Ikipona, inaweza kurudi?

Baada ya banzi au sindano, ndiyo, hasa kama sukari haijadhibitiwa au kazi inafanywa vilevile. Ukihisi dalili za kwanza, rudia banzi mara moja. Baada ya upasuaji kurudi ni nadra. Kama ganzi haikuisha kabisa baada ya kufunguliwa, rudi kwa daktari aliyekupasua umuulize sababu mbili: ukanda haukukatwa wote, au shida nyingine iko shingoni.